Ukuta wa Chumba cha Bibi

4 Agosti

Binti yangu mkubwa amenipa daftari hili. Anasema amechoka kunisikia nikiongea na masufuria. "Andika, mama," ameniambia, "masufuria hayajibu." Nikamwambia daftari nalo halijibu. Akacheka, akaniachia na kalamu.

Haya. Tuko watano: mimi, mume wangu, mama yake, na binti zetu wawili. Mkubwa tunamwita Dada. Mdogo tumempa jina la Kiroboto kwa sababu hakai mahali pamoja. Mwezi uliopita tulihama vyumba vya kupanga tukaja hapa kiwanjani, na tunaishi kwenye kibanda cha mabati yaliyofungwa kwa waya. Mabati haya haya ndiyo yatakayokuwa paa la nyumba. Maana yake siku ya kuezeka itabidi tujivue paa ili tuvae paa. Mume wangu analiona jambo la kuchekesha. Mimi linaninyima usingizi.

Nyumba yenyewe itakuwa ya udongo. Msingi wa mawe, kuta za matofali mabichi tunayofyatua wenyewe kutoka ardhi hii hii, madirisha ya mbao yaliyong'olewa kwenye jengo lililobomolewa, upenu mrefu wa kukinga kuta, na tangi la kuvuna maji ya paa. Hatuchomi tofali hata moja, hatukati mti kwa ajili ya tanuri. Mume wangu ni fundi rangi. Miaka yote amepaka nyumba za watu, nyingine mchana zinawapika wenyewe. Siku moja akaenda kupaka nyumba ya namna hii, akaingia ndani jua likiwa utosini, akakuta ubaridi kama wa mtungi. Alirudi nyumbani mtu mwingine.

Paa lazima liwe juu kabla ya mvua. Ukuta wa udongo usio na paa ni sukari.

6 Agosti

Jua. Tumefyatua. Mgongo huu si wangu.

10 Agosti

Tumeizoea kazi sasa. Mume wangu anachimba na kukanda udongo kwa miguu, Dada anachota maji, mimi najaza kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia, na kupangusa juu kwa kibao, Kiroboto anafunika matofali kwa nyasi yasikauke upesi yakapasuka. Mama mkwe anapika. Sufuria moja tu, mara maharage, mara viazi, mara vyote kwa pamoja. Maji ya kuoshea vyombo yanarudi kwenye udongo, ya kuogea yanakwenda kwenye mboga. Hapa hakuna kinachotupwa ila maneno, na mtupaji ni mama mkwe.

Leo alisema mbele ya fundi wetu wa kujenga, "Nimekimbia udongo ujanani, mmenirudisha uzeeni." Yeye alizaliwa kwenye nyumba ya udongo, na fahari ya maisha yake ilikuwa kuolewa kwenye nyumba ya saruji. Mwanawe akamwambia kwa upole kwamba chumba chake kitakuwa cha kona, chenye dirisha la kupokea jua la asubuhi. Akajibu kwamba jua la asubuhi analo hata sasa, tena bila dirisha.

Fundi ni mwashi aliyekubali kuja siku moja moja kutuonyesha kazi. Watu wanamwita Timazi, kwa kuwa ile kamba yake yenye kipande cha chuma haimtoki mfukoni hata akienda harusini. Si msemaji. Akiridhika anaguna mara moja. Asiporidhika anaguna vilevile, na sisi tunabaki kukisia.

17 Agosti

Nilikwenda kushona. Nina siku zangu kwenye duka la nguo, siwezi kuziacha. Niliporudi nikakuta mtaro wa kona ya chumba cha mama umeshachimbwa na mawe yameshapangwa. Sikutarajia wangewahi hivyo. Mume wangu na Dada walikuwa wameketi juu ya mawe, wamechoka, kila mmoja anaangalia kwake. Nikawachemshia chai.

22 Agosti

Wingu moja upande wa machweo. Limepita.

23 Agosti

Nimeliota.

3 Septemba

Kuta zimenifika magotini. Watu wanaopita wanasimama kutazama. Jirani mwenye mkokoteni alituuliza leo kama tunajenga nyumba au kichuguu, na kama malkia ameshahamia. Mume wangu akamwambia malkia yupo, ila leo ana zamu ya kukanda udongo, akaninyooshea kidole. Wakacheka wote wawili hadi mkokoteni ukatikisika.

Sikucheka. Si kwamba nimekosa ucheshi. Ninachotaka ni kumwona mume wangu mara moja tu akiangalia angani kama ninavyoangalia mimi. Anapiga mluzi tangu asubuhi. Nikimwuliza itakuwaje mvua ikiwahi, ananiambia haitawahi. Nikimwuliza ameambiwa na nani, ananiambia nile kwanza. Woga wa nyumba nzima nimeachiwa mimi, kama mzigo ambao wenzangu wameshautua.

8 Septemba

Kiroboto anakohoa. Vumbi, nadhani. Nimemfunga kitambaa puani, amekifanya kilemba.

9 Septemba

Bado anakohoa.

12 Septemba

Amepona. Mama mkwe alimpaka mafuta kifuani, akanipaka na mimi bila kuniuliza. Alisema napumua kama mtu anayekimbizwa.

20 Septemba

Kuta zimevuka madirisha. Timazi amepata kazi mbali na hapa, ameaga. Atarudi kutuwekea kenchi, mbao za kubebea paa, na kupiga bati. Nilimwomba asichelewe. Akaguna.

26 Septemba

Leo ilidondoka. Si mvua ya kuitwa mvua, ni matone tu, kama mtu anayekung'uta mikono. Lakini tulikimbia na turubai letu moja kama wendawazimu, tukafunika upande huu, ule ukabaki wazi, tukauvuta, huu ukabaki wazi. Kisha jua likatoka likatucheka. Kuta hazikudhurika, ni madoa tu.

Mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chumba cha mama, akaipapasa kwa kiganja. Nikamwuliza kuna nini. Akasema anaangalia kama kumelowa. Lakini pembe nyingine hakuziangalia.

1 Oktoba



Mume wangu alikwenda mjini kupaka rangi. Mama mkwe alikuwa amejilaza kibandani na Kiroboto. Nikaingia chumba cha kona kupima dirisha, nimkatie mama pazia, maana nilifikiri pazia zuri litamlainisha. Jua la alasiri lilikuwa linapiga ukuta kwa ubavu, na hapo ndipo nikaona.

Kuta zetu bado hazijakandikwa. Unaona kila tofali na kila kiungo, na viungo vyetu, niseme ukweli, vinapanda na kushuka kama mistari ya mtoto anayejifunza kuandika. Lakini kwenye ile kona, kuanzia kwenye msingi mpaka usawa wa dirisha, palikuwa na ukanda uliosawazishwa kwa udongo laini, na juu yake mtu amechora viungo kwa ncha ya mwiko. Vimenyooka mno. Ni mkono wa fundi rangi, mkono ambao umeficha makovu ya kuta za watu kwa miaka. Mimi nakula kwa sindano. Kiraka hakinipiti.

Nikachukua kijiko, nikakwangua. Udongo ukadondoka kama ganda la kidonda, na nyuma yake palikuwa na ufa. Vidole vyangu viliingia. Chini karibu na msingi niliona mwanga wa nje.

Nilipogeuka, Dada alikuwa mlangoni na ndoo. Hakuuliza ninafanya nini. Aliitua ndoo akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka zaidi ya mtu aliyeogopa. Akanieleza. Siku ile walipochimba mtaro wa kona, jembe lilizama kwenye majivu. Wakachimba zaidi, wakakuta magunia yaliyooza, soli za viatu, makopo. Lilikuwa shimo la takataka la watu wa zamani, limefukiwa na kusahauliwa. Baba yake alisimama humo muda mrefu. Kisha akasema kulichimba lote kutakula siku ambazo hatuna, akajaza vifusi, akashindilia, akapanga mawe juu. Ufa ulipotokea akauziba mara ya kwanza, ukarudi, akauziba tena.

"Alisema tusikutie wasiwasi, mama," Dada akaniambia. "Alisema unao wa kutosha."

Hilo ndilo lililonikata. Kumbe wasiwasi wangu ulikuwa unajulikana, umepimwa, na umefanywa sababu. Walinificha kwa huruma. Na mtoto wangu amebeba jambo hili tangu Agosti, kila siku akiniangalia nikipita chini ya ukuta huo.

2 Oktoba

Nilimsubiri hadi alipokunywa chai ya asubuhi. Kisha nikamshika mkono nikampeleka kwenye kona, nikamwonyesha. Hakukana. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na suruali yake safi ya kazini.

Alisema mengi, nitaandika machache. Kwamba kila siku alijiambia ardhi imeshatulia. Kwamba akilifumua shimo, mvua itatukuta na kuta nusu, na nyumba yote itakwenda. Kwamba alihofia nikijua nitawachukua watoto nirudi kupanga.

Nikamwambia, "Na mama yako ulitaka alale hapa."

"Nilitaka kwanza paa liwe juu. Halafu ningetengeneza polepole."

"Ungetengeneza ukuta uliobeba paa?"

Nikamwuliza ule mluzi ulikuwa wa nini. Aliniangalia kana kwamba sikuelewa kitu chepesi kabisa. Akasema, "Nikinyamaza nasikia ukuta."

Nilitaka kumkasirikia siku nzima. Nimefaulu mpaka saa za mchana.

3 Oktoba

Leo hakuna aliyegusa udongo. Hata Kiroboto amekaa.

4 Oktoba

Tulidhani mama mkwe hajui. Tulisahau kwamba tunaishi ndani ya mabati, na bati halitunzi siri.

Asubuhi alimwita Dada ambebee mkeka. Tukadhani anataka kivuli. Akapita mlango usio na mlango, akaingia chumba cha kona, akaelekeza mkeka utandikwe chini kabisa ya ule ufa. Akaketi, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha miguu. Kisha akaniomba nimletee uji wake humo humo.

Mume wangu alitoka mbio akasimama kizingitini.

"Mama, toka hapo."

"Kwani ni cha nani chumba hiki?"

"Ni chako. Lakini toka kwanza."

"Nimeambiwa ni kizuri, kina jua la asubuhi. Nalionja." Akafumba macho. "Na ufa si umeuziba?"

"Mama, nakuomba."

"Kama umeuziba nitalala hapa. Kama hujauziba, niambie mwenyewe kwa mdomo wako. Nisisikie kwa mkeo, nisisikie kwa mtoto."

Nilisimama na bakuli la uji, siwezi kuingia, siwezi kurudi. Nilikuwa naangalia ukuta ule juu ya kilemba chake cheupe, na naapa niliuona ukipumua. Mwishowe mume wangu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ya mvulana: "Si salama, mama. Nimejenga juu ya shimo. Nilijua."

Mama mkwe akanyoosha mkono ainuliwe. Alipofika nje akajikung'uta, akasema, "Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba ufa, na ukuta utajenga vilevile." Akapokea uji wake akanywa. Bakuli likawa linamgonga meno.

Nilimjua mama huyu kwa miaka mingi kama ulimi tu. Leo nimemwona mtu kamili.

Hatukungoja kesho. Mume wangu alipanda ngazi akaanza kushusha tofali moja moja kutoka juu, ananipa mimi, mimi nampa Dada, Dada anapanga. Udongo una fadhila hiyo: tofali zima linarudi ukutani, na lililovunjika linalowekwa, linakandwa, linafyatuliwa upya. Tumeupoteza muda tu. Lakini muda ndio hatuna.

7 Oktoba

Ukuta wa kona umekwisha kushuka. Sasa ni zamu ya msingi wake. Mawe tumeyang'oa. Chini ni majivu meusi yananuka.

9 Oktoba

Tunachimba. Soli za viatu. Nimewaza watu waliozivaa, walitupa viatu vyao wakaenda zao, hawakujua watatusumbua sisi.

11 Oktoba

Jirani wa mkokoteni alipita, akasema kichuguu kimerudi ardhini. Mume wangu aliendelea kuchimba, hakuinua kichwa. Siku nzima hajapiga mluzi. Ndicho nilichokuwa nakiomba tangu Septemba, na sasa nimekipata nakiona kibaya. Nilipompelekea maji nikamwambia malkia amekuja kukagua shimo. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mgeni.

14 Oktoba

Tumefika kwenye ardhi ngumu. Dada aliipiga kwa mtaimbo ikalia kama jiwe. Alinitazama mimi kwanza, kisha baba yake.

15 Oktoba

Mawingu tangu alfajiri. Tumejaza mawe hadi mikono imechubuka. Jioni yametawanyika.

16 Oktoba

Mawingu.

17 Oktoba

Mawingu. Upepo umegeuka. Mama mkwe anasema goti lake limeanza kumwambia habari.

20 Oktoba

Timazi amerudi. Aliingia akitarajia kuona kuta zinamsubiri, akakuta pengo. Akazunguka kona mara kadhaa, akaangalia shimo tulilolijaza. Mume wangu alimweleza yote, hakujitetea. Nami nilikuwa karibu kuongeza neno la kumtetea, nikajishangaa.

Timazi akasema, na kwake hii ni hotuba, kwamba naye ana lawama, alipima ukuta kwa juu na hakuuliza habari ya chini. Akasema msingi wa kona ni mzuri sasa, lakini ukuta hautawahi. Tukiujenga mbichi na mvua ikaupiga, utavuta na mwingine. Ushauri wake: tuache chumba cha mama kibaki msingi mtupu msimu huu, tuezeke vyumba viwili vilivyobaki, tukinge ukuta wa kati kwa mikeka na turubai, tubanane humo mpaka jua lirudi.

Tulimgeukia mama mkwe kwa sababu chumba kilikuwa chake. Mume wangu akamwambia anaweza kwenda kukaa kwa dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, mwenye nyumba ya saruji. Nilidhani ataruka kwa furaha. Akasema, "Nyumba ile ina joto. Niwekeni hapa hapa, hata mlangoni."

24 Oktoba

Kenchi ziko juu. Kesho bati, Timazi anasema, kama upepo utaturuhusu.

25 Oktoba

Upepo haukuturuhusu.

26 Oktoba

Wala leo.

27 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, ndani ya nyumba. Nianzie wapi.

Asubuhi kulikuwa shwari, anga jeupe kama maziwa. Timazi akasema ni leo. Tukakifumua kibanda. Vitu vyote tulivyo navyo vilirundikwa uwanjani: magodoro, masanduku ya nguo, madaftari ya watoto, cherehani yangu. Tukavifunika kwa turubai, tukaweka mawe pembeni. Ajabu jinsi maisha ya watu watano yanavyokuwa rundo dogo.

Kazi ilikwenda vizuri. Timazi na mume wangu juu, Dada na mimi tunainua bati kwa kamba, Kiroboto anaokota misumari inayodondoka. Hadi adhuhuri chumba cha mbele kilikuwa kimeezekwa chote. Cha nyuma kilikuwa na safu moja. Hapo ndipo hata ule upepo mdogo uliokuwepo ukasimama ghafla, na majani yote yakatulia. Mama mkwe akasema, "Inakuja." Alimshika Kiroboto mkono wakaingia chini ya bati.

Ilianzia ng'ambo ya barabara. Niliisikia kabla ya kuiona, kama watu wengi wanaokimbia. Vichwa vya kuta za chumba cha nyuma vilikuwa wazi kabisa. Ukuta ukinyonya maji kwa juu unalainika, unakaa chini pamoja na kenchi. Na turubai letu moja lilikuwa limefunika kila kitu tulicho nacho.

Dada aliniangalia. Cherehani ile ndiyo imenipa jina mjini. Nilikwenda kwenye rundo nikang'oa mawe, nikavuta turubai, nikaliacha rundo wazi.

Nilipanda ngazi ya upande mmoja, mume wangu akasogea juu ya ukuta wa upande wa pili, tukalitandaza turubai katikati ya kenchi. Mvua ikatupiga. Sikuwahi kujua mvua inauma. Upepo ukaingia chini ya turubai likawa tanga, linatuvuta, na Timazi analipigilia kwa vipande vya mbao, msumari mmoja unashika, mwingine unang'oka. Mume wangu alinipigia kelele nishuke, ngazi inateleza. Sikushuka. Chini yetu Dada alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, uso kwenye mbao.

Nikamwona mume wangu amelala kifudifudi juu ya ukuta wake, ameubana kwa miguu kama mtu aliyepanda mnyama. Maji yalikuwa yanamshuka puani. Akaniita kwa jina langu, lile la kabla ya watoto.

"Naogopa," akasema.

Miezi yote hii nimelingoja neno hilo. Nilidhani nikilisikia nitasema, Ndiyo, sasa umejua. Nikamwambia, "Mimi pia. Shika upande wako."

Tulishika. Sijui kwa muda gani. Mikono ilikufa ganzi ikawa kama ya mtu mwingine. Kisha ikapungua, ikawa manyunyu, na Timazi akarudi kupiga bati kwenye unyevu huo huo bila kusema kitu. Alipopiga la mwisho aliguna. Mara hii hakuna aliyehitaji kukisia.

28 Oktoba

Hasara: ukuta wa nyuma umepoteza matofali ya juu pembeni, yamekuwa uji, lakini kenchi haikusogea. Magodoro yanachuruzika. Nguo tumezianika ndani, tunapita tukiinama kama watu wanaosali. Cherehani nimeifungua yote na kuipaka mafuta. Inazunguka kwa kilio. Madaftari ya Dada yamevimba, anayakausha ukurasa mmoja mmoja.

Ufa hakuna. Nimezunguka kila ukuta kuanzia chini hadi juu. Nilipofika wa mwisho nikamkuta mume wangu naye anazunguka, ameanzia upande wa pili.

30 Oktoba

Mvua.

31 Oktoba

Mvua. Tunalala watano chumba cha mbele, mama mkwe anashika katikati na anakoroma kwa haki zake zote. Ameanza kusema kwamba udongo una faida yake, magoti hayamvuti kama kule kwenye saruji. Kisha, tusije tukafurahi, akaongeza kwamba sakafu haijanyooka.

5 Novemba

Msingi wa chumba chake umesimama nje kwenye mvua, mawe yameoshwa yanang'aa. Kiroboto anautumia kama duka. Mama mkwe ni mteja. Nilimsikia akilalamikia huduma.

9 Novemba

Asubuhi hii mume wangu alikuja kuniamsha, jambo asilolifanya. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na bado ilikuwa inanyesha. Alikuwa amelowa hadi kiunoni. Akachuchumaa karibu yangu.

"Kuna jambo baya," akasema. "Maji ya barabarani yamepata njia mpya. Yanakuja kwenye msingi wa nyuma. Sijui la kufanya."

Woga ulikuja, lakini ulikuwa woga wa mtu aliye na kazi ya kufanya. Nikavaa koti, nikachukua jembe, Dada akachukua sepetu bila kuitwa. Nje maji mekundu yalikuwa yanakuja kwa upana, bila haraka, yanajua yanakokwenda. Tukasimama tukayatazama, kisha mimi nikasema tuyakate pale juu, kwenye mteremko, kabla hayajafika. Yeye akasema udongo pale ni mgumu. Dada akasema basi tupite chini kidogo, penye bustani. Tukakubaliana kuzipoteza mboga.

Tulichimba, matope yakirudi kila tulipoyatupa. Ndani, mama mkwe alikuwa amesimama dirishani anatuelekeza mambo tuliyokuwa tayari tunayafanya. Tulipolikata tuta la mwisho, maji yalisita mdomoni mwa mfereji. Yakajaa, yakazunguka, yakaokota majani ya mboga. Kisha yakageuka, yakaenda zake bondeni.

Mama mkwe akauliza kwa sauti kama yamegeuka. Nikamjibu yamegeuka. Akasema basi tuingie, uji unapoa.

Dada akaingia. Mume wangu alibaki ameegemea jembe, macho kwenye ukuta wa nyuma, anangoja aone kama maji yatabadili nia. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikabaki naye.